Nakubali Kabisa

"Unajuaje kwamba walikudanganya?"

Aliyeniuliza alikuwa mhadhiri mwanamke aliyealikwa kutoka chuo kingine kuketi kwenye jopo la kutuhoji. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, nami nimesimama mbele yao, kila mmoja akiwa na nakala ya mradi wangu wa mwaka wa nne. Kwa robo saa nzima nilikuwa nimefanya jambo ambalo, nilikuja kuambiwa, hakuna aliyekumbuka kulisikia katika idara yetu: nilikuwa nimeikana data yangu mwenyewe. Nilisema kwamba nimewahoji wanawake thelathini na sita, kwamba hakuna jibu hata moja nililolibuni, na kwamba majibu yote ni uongo. Mhadhiri yule akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha shingoni, ndipo akauliza swali lake bila ukali wowote. Nikajibu kwa jeuri, kama nilivyozoea kufanya kila niliposhikwa.

Nilisomea sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa kwa sababu nilikataa kusomea ualimu. Nyumbani ni Muhoroni. Mama ni mwalimu wa chekechea, na kwa fikira zake binti akifaulu mahali pake ni darasani, mbele ya ubao. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza kwa nini. Kwa nini trekta za miwa zipite kwanza na watoto wa shule wasubiri kando kwenye vumbi? Kwa nini mgeni rasmi afike saa saba na sisi tuimbe juani tangu saa tatu? Niliamini kuna mahali duniani ambapo maswali kama hayo hujibiwa, na kwamba mahali hapo ni chuo kikuu.

Jamaa zangu hawakuelewa. Waliposikia neno siasa walidhani nasomea kugombea. Mjomba wangu aliniuliza kila likizo, "Unasimama lini?" Nikimweleza kwamba tunasoma habari za mamlaka na mikataba na jinsi dola zinavyoundwa, anatikisa kichwa kwa heshima mpaka nimalize. Kisha anasema, "Ni sawa, nyathina, mwanangu. Lakini kura zinatafutwa kwenye mazishi. Usikose mazishi." Sasa nikikumbuka, sina hakika kwamba katika miaka minne niliambiwa jambo la kweli zaidi ya hilo.

Darasani niliwachosha wahadhiri. Tulifundishwa kwamba dola, ikikaa mezani na wageni, huwa na sauti moja, hata kama ndani yake watu wanagombana. Niliinua mkono nikasema sijawahi kuona ndugu wawili wakikubaliana juu ya ng'ombe wa mahari, sembuse nchi nzima. Wenzangu wakacheka, mhadhiri akaandika kitu kwenye daftari lake. Muhula uliofuata nilikuwa tayari nimepewa jina. Waliniita Tume. Nikiingia darasani mtu wa nyuma anasema, "Kaeni vizuri, Tume imefika," na mwingine anauliza kama kura zimeshahesabiwa. Jina hilo lilinikera, lakini sikuwaonyesha.

Mwaka wa nne kila mmoja wetu alitakiwa kufanya utafiti. Mada yangu ilikuwa imani ya wanawake wafanyabiashara kwa taasisi za umma. Nilitengeneza dodoso la sentensi kumi na tano. "Viongozi wa eneo langu husikiliza maoni yangu." "Polisi hunitendea haki." "Huduma za maji zinaridhisha." Chini ya kila sentensi kulikuwa na visanduku vitano, kuanzia *sikubali kabisa* mpaka *nakubali kabisa*, na katikati kimoja cha asiye na uhakika. Nilijivunia karatasi ile kama mtu aliyeshona shati lake la kwanza.

Wenzangu walikuwa na njia yao. Jumamosi moja rafiki yangu wa karibu, tuliyekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, aliniita kwenye hoteli moja karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu. Nilikuta watu sita wamezunguka meza, chai na mandazi katikati, na marundo ya dodoso. Walikuwa wanazijaza wenyewe. Mmoja alikuwa na kalamu za rangi nne ili karatasi zisifanane. Mwingine alijaza kwa mkono wa kushoto. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa fundi wao. Aliwaeleza kwamba ukiwafanya watu wote waridhike utashikwa, na ukiwafanya wote wakasirike utashikwa pia, kwa hiyo katika kila watu watano weka wakali wawili, wapole wawili, na mmoja asiyejua anachotaka.

"Huyo wa tano ndiye Mkenya halisi," alisema, na meza nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka kidogo.

Nilipoanza kuhubiri walinisikiliza kwa uvumilivu. Niliwaambia haiwezekani watu wanaosomea uchaguzi waketi hotelini kujaza karatasi za watu wasiokuwapo. Yule wa kalamu nne alinijibu kwamba soko lenyewe lilikuwa pale ng'ambo ya barabara, wanasikia kelele zake, kwa hiyo data yao haikutoka mbali. Rafiki yangu alinivutia kiti.

"Tume, keti," alisema. "Hakuna mtu atakayesoma hizi karatasi. Hata wewe ukihesabu kura zote za dunia, hakuna atakayesoma."

Nikamwambia nitakwenda kuwahoji watu wa kweli hata kama msomaji ni mmoja, hata kama msomaji huyo ni mimi. Nikatoka bila kunywa chai. Nilikuwa najiona mtu mkubwa sana siku ile.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, anaishi mtaa wa Obunga, Kisumu, na hukaanga mgongo wazi. Msomaji wa mbali labda hajui hiki ni chakula gani. Mbuta, yaani sangara, akivuliwa ziwani hupelekwa kiwandani, minofu hukatwa ikasafirishwa ng'ambo, na kinachobaki ni kichwa, mkia na mifupa ya katikati yenye nyama kidogo iliyong'ang'ania. Hicho ndicho huja Obunga. Wanawake hukikaanga kwenye karai kubwa juu ya kuni, safu kwa safu, mpaka moshi unakuwa kama ukuta. Ni kitamu. Nililelewa nikila nyama ile iliyong'ang'ania kila tulipomtembelea, na miaka minne ya kusoma biashara ya kimataifa haikunipa mfano ulio wazi kuliko sahani ile.

Mama mdogo alinipokea bila shangwe nyingi. Alitaka kujua kwanza karatasi ni za nani. Nilimwambia ni zangu, za chuo. Akauliza zitakwenda wapi nikimaliza. Nikasema kwa msimamizi wangu, kisha maktaba. Akazipekua moja moja, akasoma sentensi zote kumi na tano, akaniambia nirudi Jumatatu kwa sababu Jumapili watu wana kanisa na siku ile walikuwa na haraka. Jumatatu alinitembeza kwenye safu akinitambulisha kwa kila mmoja: huyu ni mtoto wa dada yangu, anasoma, mjibuni. Kisha akarudi kwenye karai lake akaniacha na watu wangu.

Walinipenda. Waliniita nyar Muhoroni, binti wa Muhoroni, wakanicheka kwa Dholuo changu ambacho kimelelewa kwenye kambi za miwa kati ya watu wa kila kabila na kina Kiswahili kingi kuliko Dholuo. Walinikalisha upande ambao moshi hauendi. Walinipa samaki. Na sentensi zangu zote walizijibu kwa namna moja.

Mama mmoja mnene, mwenye leso ya manjano kichwani, alinieleza kwa dakika kumi jinsi bomba lao lilivyokauka, jinsi anavyoamka alfajiri kutafuta maji kwa mkokoteni. Nikasoma sentensi ya maji nikiwa na kalamu juu ya kisanduku cha kwanza.

"Andika nakubali kabisa," alisema.

"Mama, si umesema sasa hivi maji hayaji?"

"Hayaji."

"Sasa unakubali nini?"

"Wewe umeandika nini hapo?"

"Kwamba huduma za maji zinaridhisha."

"Basi hiyo," alisema, akageuza mfupa kwenye mafuta. "Hiyo ninaikubali kabisa."

Jirani yake akageuka pembeni, mabega yakimtikisika. Nilidhani ni moshi uliomkaba.

Nilikwenda siku tatu. Nilibadilisha namna ya kuuliza, nikatafsiri upya, nikaeleza kwamba jina la mtu haliandikwi na hakuna msaada unaogawanywa. Nilianza hata kuzisoma sentensi kinyume. Viongozi hawasikilizi maoni yangu? Nakubali kabisa. Viongozi husikiliza maoni yangu? Nakubali kabisa. Siku ya tatu nilipofika kwa mwanamke wa thelathini na sita, alitangulia kunijibu kabla sijafungua mdomo.

Nilipohesabu, jedwali langu lilikuwa na safu moja iliyojaa na safu nne tupu. Nilimpelekea msimamizi wangu. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na wanafunzi wengi kuliko viti ofisini mwake. Alilitazama kwa muda mrefu akasema halina sura ya utafiti. Kisha akashusha sauti kama mzazi, akanishauri nilisawazishe. Nibadilishe wachache. Binadamu hawafanani, alisema. Akavuta mradi mwingine kutoka kwenye rundo anionyeshe tofauti ya maoni inavyotakiwa kuonekana. Niliutambua kabla hajaufungua. Ulikuwa wa rafiki yangu. Wakali wawili, wapole wawili, mmoja asiyejua.

Hapo ndipo ukaidi uliponipanda kama homa inavyompanda mtu. Ningeweza kubadilisha karatasi kumi tu jioni moja, nikapita, jina langu likaingia kwenye orodha ya watakaohitimu. Mama alikuwa ameshatangaza kanisani Muhoroni. Fundi alikuwa ameshashona gauni lake, la kitenge cha buluu, na mama alinitumia picha akiwa amelivaa sebuleni. Niliyajua hayo yote. Nikaandika sura ya nne kwa siku mbili, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa kwamba majibu yaliyomo katika jedwali hili yalikusanywa kwa uaminifu na hayana ukweli.

Ndivyo nilivyojikuta mbele ya jopo, naulizwa najuaje.

"Kwa sababu nilikuwepo," nilimjibu mhadhiri yule. "Nimesimama kwenye ule moshi. Hakuna anayesimama pale akaridhika."

"Hayo ni maoni yako kuhusu maisha yao," alisema. "Yawezekana wao wanaridhika. Yawezekana wewe ndiye hujaridhika."

Hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa na akili. Mwenyekiti wa jopo, mzee mtaratibu aliyetufundisha katiba mwaka wa kwanza, aliniambia kwamba mtafiti akitupa data kwa kuwa haikumpendeza, kesho daktari wa hospitali atatupa vipimo kwa kuwa havikumpendeza.

"Na akijua kipimo kimeharibika, Daktari," nikamwuliza, "ampe mgonjwa dawa?"

"Thibitisha kwamba kimeharibika."

Sikuweza. Nilikuwa na hakika mwilini mwangu mzima na sikuwa na kitu cha kuweka mezani. Msimamizi wangu, wa tatu pale mezani, alikuwa akitazama dirisha. Nikasema basi, kama ningeketi hotelini nikayabuni majibu yote wangenipitisha. Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akauliza nina maana gani. Nikasema nina maana kwamba majibu ya kubuni yana sura nzuri kuliko ya kweli, na kwamba idara imejifunza kupenda sura. Akataka majina. Rafiki yangu alikuwa nje kwenye benchi akisubiri zamu yake, ameshika faili kifuani. Nilisema sina majina. Mwenyekiti akaniambia kwamba kwa hiyo hata hilo siwezi kulithibitisha. Nikasema ndiyo, hata hilo.

Waliamua nirudie ukusanyaji wa data. Jina langu halikuingia kwenye orodha.

Nilimpigia mama simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za maktaba. Sikumlainishia. Akaanza kunihoji kwa ile sauti yake ya darasani.

"Kwa hiyo wenzako walisema uongo wakapita."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulisema ukweli ukaanguka."

"Ndiyo."

"Na hao wanawake wa kwa mdogo wangu?"

"Wamesema uongo."

"Basi Kisumu nzima mkweli ni wewe peke yako," alisema. "Pole sana, mwanangu. Lazima unachoka."

Akakata simu. Gauni la buluu alilivaa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na sikupata picha.

Sikurudia data. Niwe mkweli: nilitakiwa kurudi Obunga na karatasi mpya, na nilikataa, kwa sababu nilikuwa nimewaonea hasira wale wanawake. Niliona wameniuza. Nilikuwa nimewatetea dhidi ya wasomi wanaowabuni, nao wakanipa maneno ambayo hata mbuni wa majibu asiye na haya asingethubutu kuandika. Nilipata kibarua katika duka la kuchapa karibu na stendi, na kazi yangu ikawa kuchapa miradi ya wanafunzi wengine. Majedwali yale yale yalipita mkononi mwangu mwaka mzima. Jioni nilimwandikia mkuu wa idara barua. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja. Kwa ya tatu niliambatisha sura mpya kabisa, ambamo nilieleza kwamba jibu lisilobadilika ni matokeo kamili, na kwamba anayepaswa kuulizwa maswali ni mwenye dodoso. Wakanipitisha, kwa alama za chini kabisa ambazo mtu anaweza kupitishwa nazo. Nilihitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzangu, na mama alikuja amevaa nguo nyingine.

Rafiki yangu leo ana kazi nzuri ya kusimamia watu wanaokusanya maoni ya wananchi. Tunazungumza. Bado ananiita Tume. Sijawahi kumwomba radhi kwa yale niliyosema hotelini wala yeye hajawahi kuniomba radhi kwa kupita, na nadhani ndiyo sababu urafiki umedumu. Mimi bado naamini nilifanya sawa. Ningesimama tena mbele ya meza ile na kusema yale yale, na ningeanguka tena. Kilichobadilika ni kwamba sasa ninajua nilichokuwa ninasema.

Ilipita miaka kadhaa. Nilikuwa nimekwenda kwa mama mdogo mchana mmoja kumsaidia kuhamisha karai zake kwenye kibanda kipya, na msichana mmoja mwenye kofia na tableti akaja kwenye safu akiuliza maswali. Alikuwa mpole, anatabasamu, anapiga kidole kwenye kioo. Nilimsikia yule mama wa leso ya manjano akimjibu, akafuata jirani yake, akafuata mwingine, kila mmoja kwa sauti ile ile tamu. Nilisimama na karai mkononi. Msichana alipoondoka nikamtazama mama mdogo, naye akanitazama, akaanza kucheka mpaka akaketi kwenye gogo.

Alinieleza akiwa anajifuta machozi. Kabla ya mimi kwenda pale na dodoso langu, walikuja watu wengine na fomu. Aliwaita watu wa mradi, na mpaka leo hajui ni mradi wa nani. Walimuuliza kila mwanamke kinachomsumbua, na wanawake wakafurahi kuulizwa, wakasema yote: moshi unaoharibu macho, mtaro unaonuka, nzi, maji. Miezi michache baadaye vibanda vikapigwa alama ya rangi nyekundu kisha vikabomolewa. Waliposomewa sababu, ilikuwa maneno yao wenyewe. Wafanyabiashara wa eneo hili, ilisema karatasi, wamekiri kwamba mahali hapa hapafai kwa chakula. Walijenga upya kwa mabati ya zamani, na wakakubaliana kwamba mtu yeyote akija na karatasi, jambo lolote atakalosoma wanalikubali kabisa.

Nilimuuliza kwa nini basi hakunidokeza. Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilipoteza mwaka mzima.

"Wewe ni wetu," alisema. "Karatasi haikuwa yetu."

Kisha akanieleza kuhusu Jumapili ile, ile aliyoniambia nisije kwa sababu watu wana kanisa. Baada ya ibada waliketi nyuma ya vibanda kujadili habari yangu tu. Wengine walisema mimi ni mtoto wa nyumbani, niambiwe ukweli, na yule mama wa leso ya manjano ndiye aliyenitetea kwa nguvu zaidi. Wengine walisema karatasi ni karatasi. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono na mikono ikalingana. Mama mdogo alikuwa amechelewa kutoka kanisani. Alipofika hawakumsubiri hata aketi, wakamweleza jinsi kura zilivyo, naye akanyoosha mkono wake nidanganywe kama wengine wote wenye karatasi.